Giaboksi ya Mjomba Gisiri

S.L.P. 318,
Homa Bay.
11 Mei 1997

Mjomba Gisiri,

Hujambo wewe, na Mama Nyanchama hajambo? Sisi tu wazima. Baba anakohoa kidogo, lakini bado anagombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba, kwa hiyo najua si ugonjwa. Mvua imefanya banda letu la mafundi wa jua kali hapa nyuma ya soko kuwa dimbwi. Ile malaria yako ya Februari ilikwisha kabisa? Tangu Krismasi hujakanyaga huku, na hiyo si kawaida yako.

Sasa niseme lililonikosesha usingizi. Gari limefika! Cliff, yule dereva wa lori la miwa wa Awendo uliyemtuma, alilileta Jumanne asubuhi, na mafundi wote tisa wa banda hili waliweka spana chini wakaja kutazama. Mersedi, Mjomba. Na imeletewa Benta, ambaye wao humpa tairi za baiskeli azibe.

Nimeifungua. Injini ni nzima, ila ni mvivu. Ugonjwa uko kwenye giaboksi: ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu inateleza, injini inalia na gari haliendi. Nadhani kabla hujalinunua pale mnadani, mtu alimimina humo oili isiyo yake. Hizi otomatiki zina maringo. Zikiugua, huku kwetu sijui wa kuzitibu.

Wazo langu ni hili. Tuitoe kabisa. Tutie gia tano za mkono na klachi yake, na Mungu akijalia, injini ya silinda sita. Najua mahali pa kuulizia. Ukitoka Migori hakuna atakayekupita mpaka Rongo! Njoo ukae wiki moja nikuonyeshe kwa macho.

Mpwa wako,
Benta Akoth


Migori,
2 Juni 1997

Kwa Benta,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Nyumbani hatujambo. Nyanchama amevuna wimbi, anauliza utakuja lini kula. Tumbili wamemaliza mahindi ya bondeni. Malaria ilikwisha.

Kuhusu gari. Nimewaendesha wakubwa Nairobi miaka ishirini na sita, na mkono wangu umebadilisha gia za kutosha. Nilipostaafu, na mkono ulistaafu. Sitaki gari la mbio. Nataka gari tulivu, nikae, nikanyage, liende. Tengeneza giaboksi iliyomo. Injini mvivu inanifaa.

Kuja siwezi kwa sasa. Shamba lina kazi nyingi.

Mjomba wako,
Gisiri Maroa

Nimesahau kusisitiza: giaboksi isitolewe.


Homa Bay,
29 Juni 1997

Nera,

Nimeanza hivyo kwa sababu baba amesimama nyuma yangu, anasema binti wa Mluo humwita mjomba wake nera, si mjomba. Nikamwambia mimi na wewe tumezoea Kiswahili tangu mama akiwa hai, kwa kuwa Kikuria chake sikukipata na Dholuo wewe hukukipata. Ameondoka akinung'unika.

Habari kubwa ni ya dada yangu Scovia. Amejifungua mtoto wa kike na amempa jina la mama, Marcella. Marcella mdogo, Mjomba! Nilidhani ungekuwa wa kwanza kufika kumwona mtoto mwenye jina la dada yako. Tulikuwekea kuku mpaka tukachoka, tukamla.

Barua yako sijaipata bado, labda iko njiani. Lakini sikiliza hili. Kuna mfanyabiashara hapa mjini, Hamud, mtu wa Lamu, ana duka la simenti na mabati. Ana gari kama lako kabisa, mwili uleule, ila lake ni la silinda sita na gia tano. Na halitaki! Mkewe Asmaa anajifunza kuendesha, na klachi inamtoa machozi. Wanatafuta otomatiki. Nimemwambia yako ni mgonjwa, amesema binamu yake Mombasa atampatia vipuri vya kuiponya. Tubadilishane mtambo kwa mtambo, injini na giaboksi. Shilingi haitoki mfukoni.

Wenzangu hapa wanasema mwanamke hawezi kushusha injini ya Mersedi. Niachie niwaonyeshe. Na wewe usiniambie habari ya kuchoka. Tangu lini Gisiri Maroa akaogopa klachi? Si wewe uliyenifundisha kwenye Landrova, nikiwa na miaka kumi na mbili, ukinipigia kelele mpaka kuku wa kijiji wakakimbia?

Benta


Migori,
20 Julai 1997

Benta,

Wape salamu wote. Nimempa Cliff shuka ya mtoto, mpeni. Jina hilo limenifurahisha na limeniumiza.

Nilisema giaboksi isitolewe na narudia. Gari ni langu.

Nikueleze sababu moja tu. Tarehe 20 Desemba ndugu za Nyanchama wanajengea kaburi la baba yao kule Nyamira. Tumeoana miaka thelathini, na kila mara amekwenda kwao kwa basi, mara nyingi peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa nikiwapeleka wakubwa makwao. Nimemwahidi kwamba safari hii nitampeleka kwa gari langu, na usukani nitashika mimi. Liwe tayari. Na liwe lilelile nililokuletea.

G. Maroa


Homa Bay,
5 Oktoba 1997

Mjomba mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Mambo yamekuwa mengi. Baba alikwenda kwa chifu kuhusu ule mpaka, akarudi ameshindwa, sasa anasema chifu ni kipofu. Marcella mdogo ameota jino. Kampeni zimeanza, kila siku kipaza sauti kinapita hapa, na wanasema mvua itakayokuja mwaka huu haijapata kuonekana. Samaki wamekuwa haba. Mama Nyanchama anaendeleaje na mgongo? Wimbi liliuzika?

Gari liko vizuri. Usiwe na wasiwasi. Jumapili nililitoa kwenda kulijaribu, nikapita Rodi Kopany nikaenda mpaka karibu na Rongo. Mjomba, sijui nikuelezeje. Ile mvivu imekufa. Kwenye mlima nilikuta malori mawili yamefuatana, nikayapita yote mawili, na juu kule njia iliponyooka nikatia gia ya tano, injini ikatulia kama mtu aliyekaa kitini baada ya kazi. Sikuwa nasikia kitu ila upepo. Watu wa Rangwe walisimama kandokando wakidhani ni mbunge. Waliponiona ni mimi wakapiga vigelegele.

Sasa wananiletea magari. Wiki hii nina mawili. Hakuna tena anayenipa baiskeli.

Ukilijaribu utalipenda. Lijaribu tu mara moja, naomba.

Wako,
Benta


Migori,
19 Oktoba 1997

Benta,

Tu wazima. Mgongo wa Nyanchama ni uleule. Mvua imeanza na huku.

Umeniandikia kurasa mbili za meno ya mtoto na samaki. Kisha ukaandika kwamba ulitia gia ya tano. Mtu anayeendesha otomatiki hatii gia ya tano. Hatii gia yoyote.

Nijibu kwa sentensi moja. Giaboksi yangu iko wapi?

Gisiri


Homa Bay,
16 Novemba 1997

Mjomba,

Barua yako imechukua wiki tatu kufika. Maji yamekata barabara na posta walikuwa hawapokei mfuko wowote. Hiyo si sababu ya yote, najua.

Iko ndani ya gari la Hamud. Binamu yake alileta vipuri, mimi mwenyewe nikaifungua, nikaisafisha na kuiponya, na sasa inafanya kazi. Mke wake anaiendesha kila siku.

Niliishusha tarehe nne Julai. Barua yako ya kunikataza ilifika tarehe tisa, mtambo ukiwa tayari juu ya meza. Nilisema nikisubiri Hamud atapata kwingine. Nilisema mjomba atakasirika siku moja, kisha atalijaribu na kucheka. Ile ya pili ilipofika nilikuwa nimeshafunga kila kitu, na nilishindwa kukuandikia. Kila jioni nilikaa na kalamu na nikaishia kukuuliza habari za wimbi.

Nimekosa. Wewe ndiye uliyenisomesha ufundi mama alipofariki, na sikuwa na haki. Lakini na wewe kuna jambo hunielezi. Hujawahi kuniandikia kwa ubaridi hivi. Hujaja kumwona Marcella. Gari la mbio unalikataa, wewe uliyekuwa ukinisimulia kila kona ya njia ya Naivasha. Kama kuna neno, liseme.

Benta


Migori,
28 Novemba 1997

Benta,

Nimekuwekea humu kitabu cha umiliki wa gari, nimetia sahihi. Gari ni lako. Liuze au ulitumie, sina haja nalo tena. Nyanchama atakwenda kwao kwa basi.

Salimia nyumbani.

Gisiri Maroa


Homa Bay,
9 Desemba 1997

Mjomba,

Kitabu chako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Siuzi.

Jumamosi nilikuja kwako, na nadhani unajua nilikuja. Nilitoka alfajiri, nikazunguka mashimo, nikafika kabla ya saa sita. Mama Nyanchama alinilaki getini. Akaniambia, "Mjomba wako amekwenda Isebania, atarudi kesho." Alikuwa anaangalia viatu vyangu wakati anasema. Mama Nyanchama hajui kusema uongo, Mjomba, usimtume tena.

Nikamwambia nina matope, ninawe kwenye pipa la nyuma. Dirisha la chumba chako lilikuwa wazi. Ulikuwa umekaa kitandani, umeushika mguu wako wa kushoto kwa mikono miwili, unaunyanyua kuupandisha kitandani kama unapandisha gunia. Fimbo ilikuwa imeegemea ukuta.

Sikukuita. Nilinawa mikono muda mrefu sana. Kisha nilikula ugali na Mama Nyanchama, hatukuzungumza chochote ila mvua, nikaondoka.

Nilipofika Awendo nilisimamisha gari kando ya miwa. Nikatazama mguu wangu wa kushoto ulivyokaa juu ya klachi. Ndipo nikaelewa barua zako zote.

Ungeniambia. Ungeandika neno moja tu.

Benta


Migori,
18 Desemba 1997

Mwanangu Benta,

Nyanchama amenisomea barua yako kwa sauti baada ya mimi kuisoma kimya, kisha akasema, "Sasa mwandikie kama mtu." Basi naandika.

Haikuwa malaria. Tarehe tisa Februari nilikuwa nafunga zizi, upande wangu wote wa kushoto ukazimika. Nilianguka nikiwa na kamba mkononi. Ni kiharusi. Mkono umerudi, unashika. Mguu haujarudi. Unanibeba nikiwa na fimbo, lakini hauna habari. Naweza kukanyaga kitu nao nisijue kama nimekanyaga.

Aprili tulikwenda Kisii kwa daktari. Tulipotoka, uwanjani palikuwa na mnada wa magari ya serikali. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia Nyanchama niache nikae ndani ya lile jeusi nipumzike. Nilikaa. Nikatazama chini. Benta, kulikuwa na pedali mbili tu, mafuta na breki, na zote ni za mguu wa kulia.

Nililia mbele ya dalali. Nyanchama akadhani naumwa. Nikamwambia, "Hili naliweza." Akauliza, "Unaliweza nini?" Nikasema, "Naliweza kuliendesha." Tulirudi kumwuliza daktari siku hiyohiyo, akanipima nguvu za mikono, akasema kama ni gari la namna hiyo hana pingamizi.

Hapa Migori watu hawaniiti Gisiri. Wananiita Dereva. Watoto wao wananiita Mzee Dereva. Tangu Februari nimekaa ndani wasije wakaniona navuta mguu. Marcella mdogo sikuja kumwona kwa sababu hiyo tu. Nilitaka siku ya kwanza kutoka nitoke ndani ya gari, nikiendesha. Na wewe uliponiuliza tangu lini nikaogopa klachi, nilikaa siku tatu bila kula.

Wewe umekosa kwa kutosubiri. Mimi nimekosa zaidi, kwa sababu ulihitaji neno kutoka kwangu na nikakunyima.

Safari ya Nyamira imeahirishwa mpaka Pasaka. Matope yamejaa, mafundi hawawezi kumwaga zege. Usijisumbue na gari. Tutakwenda kwa basi wote wawili, nimeshaamua.

Mjomba wako,
Gisiri


Homa Bay,
12 Januari 1998

Mjomba,

Heri ya mwaka mpya kwako na Mama Nyanchama. Baba amesikia kuhusu mguu wako na ameacha kabisa mambo ya mpaka, sasa kila mgeni anaulizwa kama anajua dawa ya kiharusi. Jihadhari, anakuja na majani.

Hutakwenda kwa basi. Nilikwenda dukani kwa Hamud siku ileile niliyopata barua. Nikamwambia nataka turudishiane. Akaweka kalamu chini.

"Tulipeana mikono, Benta. Jambo hilo limekwisha."

"Najua, Mzee Hamud. Nakuomba tu."

"Gari hilo si langu tena. Mwulize mwenyewe anayeliendesha."

Nikapanda nyumbani kwake. Asmaa ni mwanamke mdogo wa umbo, umri wake unakaribia wangu. Alinikaribisha chai ya tangawizi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hapana.

"Kila asubuhi nampeleka binti yangu Mulki shule, mimi mwenyewe," akasema. "Ijumaa nakwenda kumwona shangazi yangu Rongo. Miaka minane hapa mjini nilikuwa nangoja mtu apate nafasi ya kunipeleka. Unataka nirudi kungoja?"

Ndipo nikamweleza habari zako, nisamehe. Nilimweleza kila kitu, hata pedali mbili. Chai yangu ikapoa.

Mwishowe akasema, "Nifundishe klachi. Pale barabara inapotoka ufukweni kupanda mjini, siku nitakaposimama katikati ya mlima nikaondoka bila gari kurudi nyuma, siku hiyo utachukua mtambo wako. Nisipoweza, basi tena, na usiniletee habari hizi mara ya pili."

Tumeanza wiki iliyopita, kwenye uwanja wa Kabunde, kwa lile lako la gia tano. Mjomba, ni balaa. Gari linaruka kama chura na kuzimika. Jana alitoka nje akafunga mlango kwa kishindo, akasema klachi ilibuniwa na mtu mwenye chuki. Mimi najua kuendesha lakini sijui kufundisha. Nisaidie. Pasaka haiko mbali.

Benta


Migori,
25 Januari 1998

Benta,

Baba yako alifika na majani. Tumeyachemsha, ni machungu, mguu ni uleule. Lakini tulizungumza mpaka jioni, na yeye ndiye mgeni wa kwanza aliyeniona na fimbo hapa nyumbani. Hakutazama mguu hata mara moja. Mwambie nashukuru.

Sasa sikiliza, na umwongoze mama huyo hatua kwa hatua.

Kwanza avue viatu. Pili, umsogezee kiti mbele zaidi ya anavyotaka yeye, goti likunjike hata akikanyaga mpaka mwisho. Watu wengi hushindwa na klachi kwa sababu ya kiti.

Siku tatu za kwanza asiguse mafuta kabisa. Kwenye tambarare, gia ya kwanza, aachie klachi polepole peke yake mpaka gari litembee lenyewe. Litatembea, injini hiyo ina nguvu. Arudie mara hamsini. Asitazame chini. Asikilize. Klachi inapoanza kushika, sauti ya injini hushuka kidogo, kama mtu anayejitwika mzigo, na pua ya gari huinuka. Hapo mguu usimame, usiende juu wala chini. Mahali hapo ndipo dereva anapozaliwa.

Mlimani: breki ya mkono juu, klachi mpaka pua iinuke, mafuta kidogo, ndipo breki ya mkono ishuke. Pua isipoinuka asiachie kitu. Hata akipigiwa honi nyuma na malori kumi, haraka yao haizidi maisha yake.

Na usimfokee. Mimi nilikufokea kwenye Landrova kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na nilikosea. Ulijifunza licha ya kelele zangu.

Nimeandika haya nimeweka unyayo wa kushoto juu ya mfuko wa mahindi ili nikumbuke vizuri kila hatua. Nyanchama alipita akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nafundisha.

Mjomba wako,
Gisiri


Homa Bay,
15 Machi 1998

Mjomba!

Salamu nitazitoa mwishoni, leo siwezi kungoja.

Asmaa alijaribu mlima ule mara nne mwezi wa Februari. Mara ya kwanza alizima. Mara ya pili alirudi nyuma akamwaga beseni la omena la mama mmoja, tukaokota samaki nusu saa, wote watatu tukiwa tumepiga magoti. Mara ya tatu alilia. Mara ya nne aliweza, lakini akasema gari lilirudi nyuma unene wa kidole, kwa hiyo haihesabiki. Mimi sikuona kidole chochote. Yeye ndiye aliyekataa, Mjomba, ni mtu wa haki kuliko mimi.

Jumatatu ya tarehe mbili tulikwenda tena. Akavua viatu. Akafika katikati, pale penye mwinuko mkali, akasimama. Nyuma yetu lori la mchanga likaja likasimama karibu kabisa, na dereva akaanza honi. Asmaa akapandisha kioo asiisikie ile honi, akafumba macho, ndiyo, akafumba macho. Nikasikia sauti ya injini ikishuka. Pua ikainuka. Akaweka mafuta, akashusha breki ya mkono, tukaondoka kama maji. Juu alipofika hakusimama. Alipita mjini, akashika njia ya Rodi Kopany, gia ya tatu, ya nne, ya tano, anacheka peke yake. Ilibidi nimwambie turudi.

Aliposimama mbele ya duka akamwambia Hamud, "Mpe Benta mtambo wake. Na mimi hili la gia tano usije ukaniuzia." Hamud amenuna kidogo, maana sasa ataachwa nyuma na mke wake.

Nimebadilisha yote mawili mwenyewe, siku kumi na moja. Sitakuficha: nilipoishusha ile silinda sita kutoka kwenye gari lako nilikaa chini nikaitazama. Sitaendesha kitu kama kile hivi karibuni. Lakini mafundi wenzangu walikuja kunishikia mnyororo wa kuinulia bila kuitwa.

Yako imerudi mahali pake. Nimeweka oili inayostahili. Haitelezi tena, inabadilisha gia hata huisikii. Ni mvivu vilevile. Cliff atakuletea Jumapili.

Baba, Scovia na Marcella mdogo wanawasalimu wote.

Benta


Migori,
15 Aprili 1998

Mwanangu Benta,

Huku hatujambo sana. Gari lilifika salama. Wiki mbili nililiendesha ndani ya kiwanja, kisha mpaka barabarani, kisha mpaka mjini, Nyanchama akiwa kando yangu anashika mlango. Jumapili ya Pasaka, saa kumi na mbili asubuhi, tulianza safari ya Nyamira.

Nilikwenda taratibu. Awendo malori yalinipita, Rongo matatu zikanipita, na mzee mmoja wa pikipiki alinipita akanipungia mkono. Tulipopanda milima ya Kisii gari likajishushia gia lenyewe, likapanda bila kunung'unika. Nyanchama akaniambia habari za utotoni mwake ambazo sikuwahi kuzisikia kwa miaka thelathini, kwa kuwa hatukuwahi kukaa pamoja saa tatu bila mtu mwingine ndani ya gari.

Tulikuta watu wengi kaburini, kama mia moja. Wote wakageuka kututazama. Shemeji yangu Ogeto akaja mbio kunifungulia mlango. Miaka yangu yote ya kazi mimi ndiye niliyekimbia kuufungua mlango, wakati mwingine mvuani. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, shemeji."

Nikafungua mwenyewe. Nikatoa fimbo kwanza, wote wakaiona. Kisha mguu wa kulia, kisha nikauvuta ule mwingine, na ulichukua muda wake. Ogeto alitaka kunishika bega, akasita. Nyanchama alikuwa ameshuka upande wake, na hakuja kunisaidia. Alisimama pale, begi lake mkononi, akiningoja, kama mke anavyomngoja mumewe afunge gari ili waingie pamoja. Nikasimama.

Ndipo nikawaambia, "Nilipigwa na kiharusi mwaka jana. Tumetoka Migori asubuhi. Nimeendesha mimi."

Mama mkwe, ambaye haoni vizuri siku hizi, akauliza ni nani huyo anayesema. Mtu akamjibu ni mume wa Nyanchama. Akasema basi apewe kiti cha mbele, ametoka mbali.

Jumamosi ijayo nakuja Homa Bay kumwona Marcella. Usimtume mtu kunichukua.

Mjomba wako,
Gisiri Maroa